Naomba ushauri: niwaambieje vijana wangu habari za Maurice Odumbe?

Wadau, hamjambo. Jumamosi huwa nafundisha kriketi vijana wa mtaani, wengi wao wa miaka 12 au 13. Mmoja amebandika kwenye sanduku la magongo yetu picha aliyoikata gazetini ya Odumbe, nahodha wa zamani wa timu ya kriketi ya Kenya. Anamwabudu kabisa.

Kosa ni langu, maana ni mimi niliyewasimulia mechi ya Pune, Kombe la Dunia 1996. Kenya ilipata mbio (yaani pointi) 166 tu, watu wakacheka, kisha West Indies ya mpigaji nyota Brian Lara ikatolewa yote ikiwa na mbio 93 tu! Odumbe, nahodha, alichukua wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji watatu, huku akiruhusu mbio 15 tu. Hapo huwa narukaruka kama mtoto.

Ya 2004 sijawaambia. Alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano usiofaa na mtu wa kamari, ingawa mwenyewe alikana. Alirudi uwanjani baadaye, karibu miaka 40.

Sasa wana simu, watayakuta wenyewe. Na kubeti huku mtaani mnakujua. Niwaeleze yote sasa, au ningoje wakue kidogo? Ile picha niiache? Walimu na wazazi, nisaidieni.