Kuandaa nyasi na bustani kabla ya baridi ya Minneapolis

Mama Kitalu: Habari zenu wapendwa. Ni katikati ya Oktoba, majani ya miti yamefunika uwanja mzima. Nifanye nini kabla ardhi haijaganda? Nina nyanya na sukuma wiki pia.

Fundi Nyasi: Usiyaache yalale, dada. Yakilowa hushikana kama mkeka, na theluji ikiyeyuka utakuta viraka vya kijivu vya ukungu. Kama ni machache, pitisha mashine ya kukatia nyasi mpaka vipande viwe vidogo kama sarafu, vizame katikati ya nyasi. Hiyo ni mbolea tosha. Yakiwa mengi, piga reki. Mkato wa mwisho uache nyasi sentimita 6 hivi. Mbolea ya dukani wakati wake ulikuwa Septemba, usimwage sasa.

Mzee wa Bomba: La haraka zaidi ni mpira wa maji. Uchomoe kwenye bomba la nje leo! Hata bomba lililoundwa lisigande hupasuka mpira ukibaki, maana maji yaliyonaswa yakiganda hutanuka na kupasua paipu ndani ya ukuta. Utagundua ukifungua maji Aprili. Kisha funga valvu ya ndani, bomba la nje liache wazi lichuruzike.

Shamba Dogo: Nyanya ng'oa zote, zenye madoa zisiingie kwenye mboji. Sukuma wiki iache kwanza, jalidi nyepesi huiongezea utamu. Penye nyanya panda vitunguu saumu wiki hii: kina sentimita 5, ncha juu, nafasi sentimita 15, kisha funika kwa mabua ya ngano sentimita 10.

Mama Kitalu: Asanteni sana. Naanza na mpira.