Jogoo wa kuchi kwa mitetea ya kienyeji, mbona kizazi cha pili kimevurugika?

Mkulima_Newala
Wakuu habari za saa hizi. Niko Newala, mwaka juzi hela ya korosho ilipoingia nikanunua jogoo la kuchi, refu hilo unaweza sema linachungulia kwa jirani, nikaliachia kwenye mitetea yangu 12 ya kienyeji. Watoto wa kwanza walitoka balaa, miezi sita tu ukimning'iniza jogoo miguu unasikia mkono unavutwa. Nikajua nshatoboa, nikauza lile kuchi na mama zao wote nikabaki na machotara wapandane wenyewe. Sasa hawa wajukuu ndo kichekesho, mmoja dume la nguvu mwenzake kama kwale, na mitetea inataga nane tisa inalala. Mi nataka mayai na nyama vyote, nimekosea wapi?

Babu_Nachingwea
Umekosea pale ulipouza mama zao. Chotara wa kwanza anakuwa vile sababu damu mbili za mbali zimekutana, ukiwarudisha wao kwa wao tena watoto wa baba mmoja ile nguvu inapungua na maumbo yanatawanyika, huyu kamfata bibi yule kamfata babu. Halafu kuchi ni kuku wa mwili na ngumi, mayai hana. Kwa mayai tafuta jogoo la Malawi, wale weusi wanaong'aa kijani juani (asili yao Australia ila ndo jina lishaganda). Mimi mitetea ya kienyeji 10 jogoo moja, machotara nawaweka banda la pili, majogoo yanauzwa, mitetea inataga mpaka ichoke, na mayai yao ni ya kula na kuuza, sitotoleshi hata moja. Ya kuangua nachukua kwa kienyeji tu, naweka alama ya mkaa nisichanganye. Kuatamia pia waachie kienyeji, chotara wengi wa Malawi hawana habari na kulalia. Jogoo nalo kila mwaka nabadilisha lisije likapanda mabinti zake.

Mama_Mikindani
Shikamoo babu. Naongezea, kwa joto letu hili la pwani msidharau kishingo, yule kuku asiye na manyoya shingoni. Watu wanamcheka eti kanyonyolewa, ila mchana wenzie wamepanua midomo wanahema chini ya mwembe yeye yuko jalalani anaparua. Chotara wake nyama anayo.

Dogo_Masasi
Yote sawa ila kabla hujaleta jogoo chanja kuku wako mdondo (kideri) kwanza jamani, tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Mi nilinunua jogoo mnadani nikamwaga bandani siku hiyohiyo, wiki haikuisha kinyesi kijani, shingo zinapinda, nikazika 23 nikabaki na bata. Mgeni akae peke yake wiki mbili hata kama umempenda vipi.

Mkulima_Newala
Shikamoo babu, asanteni wote. Chanjo kusema kweli nilichanja mara moja tu nikajisahau. Leo asubuhi nimeenda kwa jirani niliyemuuzia ile mitetea niikomboe, kanitajia bei mara mbili ya niliyomuuzia. Na waliobaki wanne tu, wengine wameliwa Idi, na mimi nilikuwepo nakula pilau.