Golemu, dibuki au Lilith: yupi anafaa kwa riwaya ya giza?

KalamuNyeusi: Wakuu, naandika riwaya ya fantasia, ile ya giza. Mahali ni mtaa wa Wayahudi wa Prague, miaka ya 1590. Binti analelewa na mjomba anayempiga, na mengine mabaya kuliko kipigo. Sitaki iishie kisasi, nataka apone. Nimekwama kati ya golemu, yule mtu wa udongo anayetiwa uhai, na dibuki.

MzeeWaRiwaya: Golemu. Prague ndiyo kwake. Hekaya husema Rabi Judah Loew, aliyefariki 1609, alimfinyanga kwa udongo wa mto Vltava awalinde watu wake, na mabaki yamo darini mwa sinagogi kuukuu. Binti afinyange wake, mjomba ashike adabu.

BintiPwani: Ashike adabu, halafu? Golemu hasemi, shikamoo mzee. Kwenye Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, rabi mmoja, Rava, aliumba mtu akamtuma kwa Rabi Zeira. Zeira akamsemesha, kimya, akamwamuru arudi mavumbini. Binti kanyamazishwa utoto wote, leo unampa mlinzi bubu!

Mpe dibuki: roho ya maiti inayomwingia aliye hai na kusema kwa kinywa chake. Rabi humhoji mbele ya wanaume kumi: jina lako nani, ulitenda nini, umemwingiaje huyu? Kisha huamriwa atokee kwenye kidole kidogo cha mguu, asije akamuumiza aliyepagawa. Waliowahi kuona pepo akipungwa wanajua yanavyosemwa pale mambo ambayo mke wa mtu hathubutu kuyatamka mchana. Ila pepo wa kwetu mara nyingi hupewa chake mkaelewana. Dibuki hufukuzwa.

MzeeWaRiwaya: Marahaba. Lakini hiyo sauti si yake binti. Katoka kwa mjomba, kaingiliwa tena na mwingine bila ridhaa?

Popo_wa_Maktaba: Mzee kapiga penyewe. Mbona Lilith, yule pepo jike wa hekaya za Kiyahudi, hamumtaji? Huko Nippur, Iraq, yalichimbuliwa mabakuli ya udongo ya kale, kama karne ya 5 hadi ya 8. Maandishi ya Kiaramu yanazunguka kwa ndani, na bakuli lilifukiwa kifudifudi chini ya sakafu. Mengine ni talaka kabisa! Lilith anapewa hati, anaamriwa atoke na asirudi. Mwenye nyumba hutajwa kwa jina lake na la mama yake. Binti aandike ya kwake.

KalamuNyeusi: Nippur na Prague wapi na wapi?

Popo_wa_Maktaba: Wayahudi wa Ulaya nao waliweka hirizi dhidi ya Lilith chumbani kwa mama anayejifungua, zenye majina ya malaika Senoy, Sansenoy na Semangelof. Mkunga amfundishe kuziandika.

BintiPwani: Sawa, ila mjomba asigeuzwe shetani. Ukisema kaingiwa na Lilith umemfutia dhambi.

KalamuNyeusi: Hilo nalichukua. Golemu atabaki sura mbili za mwanzo, kisha binti mwenyewe amvunje. Hati anaiandika dhidi ya mjomba kwa jina lake na la mama yake, ambaye ndiye bibi wa binti, na alikuwa akijua yote. Sasa niambieni, huyo bibi awe bado hai siku hati inasomwa?