Kioo cha kipimakina kinaonyesha sakafu mita 200, ramani inasema zaidi ya 1000

BinMatrah: Assalaam alaykum. Tunavua jodari nje ya Maskati. Mchana kipimakina, mashine inayopima kina kwa mwangwi wa sauti, kinachora mstari mnene kwenye mita 200 na kitu, kama sakafu kabisa. Jua likitua, mstari wote unapanda! Nahodha anasema mashine mbovu, tununue nyingine. Halafu juzi nimepasua jodari, nikakuta visamaki vya urefu wa kidole: macho makubwa, magamba yanapukutika ukivigusa tu, ubavuni safu ya vitone vinavyong'aa. Mambo haya yana uhusiano?

BiZuhura_Unguja: Wa alaykum salaam mwanangu. Pesa zenu wekeni, mashine nzima hiyo. Hao ni samaki-taa, na bahari yenu imejaa aina iitwayo Benthosema pterotum. Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen iliwapima huko 1975 na 1976. Wana kibofu cha hewa, nacho ndicho kinachorudisha sauti ya mashine. Wakijazana, kioo kinasoma sakafu. Jeshi la majini la Marekani lilihangaishwa na sakafu hiyohiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Mchana wanakaa kwenye maji yenye oksijeni haba, jodari hawezi kudumu humo. Usiku wanapanda kula planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, naye jodari anawangoja. Vile vitone ni taa: vinamulika chini, ili adui aliye chini yao asione kivuli chao.

Kombo77: Shikamoo Bi Zuhura. Ndio samaki walio wengi kuliko wote duniani?

BiZuhura_Unguja: Marahaba. Hapana, hao ni Cyclothone, wadogo vilevile, wanahesabiwa kwa matrilioni. Wao hawapandi usiku, wanabaki hukohuko kizani.

Kombo77: Sasa mbona hatuwavui hawa samaki-taa?

BiZuhura_Unguja: Iran wamejaribu, kwa unga wa samaki. Mimi nasema waachwe. Jodari, ngisi na pomboo wote wanakula hapo, na kinyesi cha samaki-taa kinashusha kaboni kilindini. Ukivuta nyavu humo unamnyima chakula jodari uleule unaomtegemea.

BinMatrah: Ahsante sana mama. Nahodha nimemsomea, amenyamaza anatazama kioo.

BiZuhura_Unguja: Ukipata vingine, vitie kwenye spiriti kabla havijachubuka, upige picha ya ubavuni. Mpangilio wa vitone ndio unaotambulisha aina.