FT-4X, e-Survivor au Compact Cruiser EV: ipi imechorwa na mtu anayelijua vumbi?

Gia_ya_Pili (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za mihangaiko. Nina konsepti tatu (magari ya mfano ya maonyesho) za gari ndogo za njia mbovu, zote za Kijapani, na nataka tuzijadili kwa bodi na kwa ndani tu. Injini na bei tuviache, maana hakuna hata moja iliyowahi kuuzwa.

Kuna Toyota FT-4X iliyoonyeshwa New York Aprili 2017, kazi ya Calty, studio ya Toyota ya usanifu iliyo California. Kuna Suzuki e-Survivor, Tokyo, Oktoba 2017. Halafu Toyota Compact Cruiser EV, ambayo Akio Toyoda, rais wa Toyota wakati huo, aliitoa Tokyo Desemba 2021 katikati ya kundi zima la magari ya umeme.

Mimi nampa FT-4X, na nampa kwa sababu ya mlango wa nyuma. Unafunguka namna mbili. Ukiwa mjini unaupasua katikati kama kabati, kila nusu inakwenda upande wake. Ukiwa porini unaunyanyua mzima kwenda juu, unapata kivuli na pa kujikinga mvua. Wenye RAV4 za zamani mtanielewa: mlango wa nyuma unafungukia ubavuni, mzima mzima na tairi la spea limening'inia. Gari ya nyuma ikikubana pale Kariakoo, mzigo unaupitishia kwenye siti.

Ndani nako wamejitahidi. Vishikio vya milango ni chupa za maji, taa ya darini inachomoka inakuwa tochi, redio unaibandua unaondoka nayo, na kile cha kuegemeza mkono katikati ya siti za mbele ni begi la kulalia. Haya, semeni.

Fundi_Madigadi

Mkuu, umeanzia nyuma ya gari, mimi naanzia pale inapogongwa.

FT-4X wameijenga juu ya umbo la X. Ukiitazama mbele, nyuma, ubavuni, kila mahali kuna mikunjo inayokutana. Picha inavutia, sikatai. Ila bati lenye mkunjo wa namna hiyo likibonyea hulinyooshi ukalirudisha kama lilivyokuwa. Utajaza bodi fila, ule udongo wa kuziba mabonde ya bati, mpaka gari iongezeke uzito.

Ile Suzuki ina mantiki ya mtu wa gereji. Chasisi ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vya kukingama, bodi nyepesi, madigadi yanaonekana yako wapi na matairi yanaanzia wapi. Fupi pia, kama mita 3.5 hivi, wakati FT-4X inafika mita 4.25. Kwenye njia yenye makorongo huo ufupi una thamani kuliko tochi ya darini. Kitu kimoja tu kinanikera: wameweka kioo sehemu ya chini ya milango ili dereva aone ardhi. Wazo zuri kwenye zulia la maonyesho. Kwenye kokoto, lori likikupita mara moja tu, umekwenda kununua kioo.

Bi_Usukani

Kaka Fundi, hiyo Suzuki ina siti mbili na haina paa. Nimpandishe nani? Na jua la saa saba mchana nilifanyeje?

Lakini na wewe Gia, hizo chupa zimenichekesha. Mjini hapa watu tunachonga namba za gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa visiibiwe, wewe unaniletea kishikio cha mlango kinachochomoka kwa mkono? Tena hukumalizia: kwenye saitimira ya dereva wamepachika kamera ndogo ya GoPro. Hiyo haifiki jioni.

Nilichokipenda mimi hukukitaja kabisa. Ndani wameigawa kimatumizi: mbele pakavu, nyuma pameachiwa vitu vilivyolowa na vyenye matope. Mtu anayetoka soko la samaki la Feri na ndoo yake anajua hilo ni jambo kubwa kuliko begi la kulalia. Gari nyingi za sasa zinajiita za porini, ukifungua mlango unakuta kapeti la sebuleni.

Mwana_wa_Kisauni

Wadau, mbona Compact Cruiser imekuwa mtoto wa kambo? Hiyo ndiyo iliyotuzwa na Car Design Award mwaka 2022 upande wa konsepti, na waliochora ni studio ya Toyota ya Ulaya iliyo karibu na Nice, Ufaransa. Wameifuata FJ40, ile Land Cruiser ya kale. Tazameni uso: jina TOYOTA limeandikwa kwa herufi badala ya nembo. Tazameni bampa, pembe zake zimepandishwa juu, na magurudumu yamesukumwa hadi ncha za gari. Huhitaji kuambiwa kuwa hiyo itapanda kilima bila kukwaruza pua.

Na Toyota wana historia ya kutimiza ahadi za aina hii. RAV-Four ilionyeshwa Tokyo 1989, RAV4 ikaingia sokoni 1994. FJ Cruiser ilikuwa konsepti Detroit 2003, ikauzwa 2006 ikiwa bado na paa jeupe na sura ileile. Kwa hivyo mimi naiangalia konsepti kwa kujiuliza ni kipi kitabaki wahasibu wakishapita.

Gia_ya_Pili

Ndugu wa Kisauni, kwa kipimo chako hicho Suzuki ndiyo imeshinda. Taa za duara na shoo (grili ya mbele) ya mianya mitano ya e-Survivor tulizikuta kwenye Jimny mpya Julai 2018, miezi tisa tu baadaye. Compact Cruiser nimeiweka ya tatu kwa sababu karibu yote tuliyoonyeshwa ni bodi. Nimpe mtu maksi za ndani kwa kuangalia bampa?

Bi Usukani, kwenye chupa umenipata, ila kwenye kapeti tuko pamoja.

Fundi_Madigadi

Sasa turudi kwenye huo mlango wako. Mlango wa kawaida una raba moja inayozunguka. Huo una bawaba juu, bawaba pembeni zote mbili na mpasuko katikati. Vumbi letu la kiangazi linapenya hata penye raba mpya. Nionyeshe atakayeziba mpasuko huo baada ya miaka mitano.

Bi_Usukani

Likipenya linaingia upande wa matope, Kaka. Hapo nitapiga maji tu. Mimi nachukua FT-4X, chupa wabaki nazo.