Yule mchambuzi wa jana usiku amwombe radhi Viv Richards!

Wakuu, sijalala. Mnamjua ninayemsema, sina haja ya kumtaja. Jana kaulizwa ni magwiji gani wa zamani wangefaa kriketi ya ova 20, ile fupi ya kupiga haraka (ova moja ni mipira sita). Mwenzake akataja Viv Richards, yule mpigaji wa West Indies. Jamaa AKACHEKA. Kisha eti, "Huyo angekaa benchi."

Benchi! Mtu aliyewachapa Waingereza mikimbio (ndizo alama zenyewe) 189 kwenye uwanja wa kriketi wa Old Trafford mwaka 1984 bila kutolewa, mipira 170 tu, huku wenzake wakidondoka kama maembe ya upepo! Timu nzima ilipata 272. Ile 106 ya mwisho aliongeza na Michael Holding, na Holding mwenyewe kapata 12. Mwaka 1986, kwao Antigua, kapiga mia kwa mipira 56, tena mechi ya siku tano ambayo hakuna anayekuharakisha! Na hakuwahi kuvaa helmeti.

Na huyu anacheka. Kacheka mpaka kashika meza, nadhani hadi majirani wa studio walimsikia. Angemkataa Gavaskar wa India ningenyamaza, maana mwaka 1975 alikaa ova zote 60 akatoka na 36. Lakini Viv? Unamchekaje Viv?

Wiketi_Tatu: Mkuu, na Joel Garner, mrushaji wa West Indies, hakumgusa kabisa! Wiketi tano, yaani kawatoa wapigaji watano, fainali ya Kombe la Dunia 1979. Jitu la mita mbili na ushee, mpira unashuka toka darini unatua kwenye vidole vya miguu. Mpe ova za mwisho uone kama kuna mtu anapiga mpira wa mikimbio sita.

Binti_Parklands: Kile kicheko hata mimi kilinikera. Ila mbona mnamsahau Tikolo wetu wa Kenya? Kombe la Dunia 1996, mjini Kandy, Sri Lanka wamepiga 398, yeye akajibu na 96. Hatajwi hata kwa bahati mbaya!

Ponda_Mali: Mleta uzi umekosa usingizi kwa ajili ya mzee wa Antigua? Kodi ya nyumba umelipa?

Mtoto_wa_Gymkhana: Tikolo si alicheza ova 20, Kombe la Dunia 2007? New Zealand wakatutoa wote kwa 73.

Binti_Parklands: Alikuwa na miaka 36! Kandy alikuwa na 24. Usinichefue.

Ponda_Mali: Kwani nyie kriketi mnaionea wapi? Kifurushi changu kimekatika ova ya 18, na nimelipia juzi.

Wiketi_Tatu: Usiniambie! Mimi wamenihamishia chaneli kifurushi cha juu bila hata ujumbe. Hao ndio wa kushitakiwa.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. ALICHEKA.

Mtoto_wa_Gymkhana: King'amuzi changu kinaganda mvua ikinyesha tu. Nimepiga simu huduma kwa wateja, wimbo mpaka salio likaisha.

Ponda_Mali: Mleta uzi, wewe unatumia king'amuzi gani?