Naomba ushauri: binti yangu aanzie mashindano gani ya sataranji?

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kulea mchezaji kijana wa sataranji.

Binti yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Moshi, alifundishwa mchezo huu na mjomba wake, na sasa anawashinda karibu watu wazima wote wa mtaani kwetu. Hufanya mazoezi kwa simu kwenye Lichess, tovuti ya sataranji ambayo ni ya bure, lakini michezo mingi ya huko ni ya dakika chache. Akikaa mbele ya ubao halisi husogeza kete kwa haraka na kupoteza mchezo aliokwisha kuushika, hasa kete zinapobaki chache. Walimu niliowapata Moshi na Arusha wanafundisha wanaoanza tu. Nimempunguzia simu na kumpa mafumbo ya karatasi, nikaona nafuu kidogo.

Ili apate kiwango cha FIDE, yaani alama rasmi za uwezo zinazotolewa na shirikisho la sataranji la dunia, anahitaji angalau michezo 5 dhidi ya wachezaji wenye kiwango, na nauli ya Dar es Salaam au Nairobi si ndogo, hivyo ni lazima nichague. Judit Polgár wa Hungaria alikua akishindana na wanaume, akawa Grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji, mwaka 1991 akiwa na miaka 15. Phiona Mutesi wa Uganda aling'aa kwenye Olimpiadi ya sataranji, mashindano ya timu za mataifa, upande wa wanawake. Njia zote mbili naziheshimu.

Je, aanze na mashindano ya wazi, wanayocheza wanaume na wanawake pamoja, au ya wasichana? Na mazoezi gani yatamfundisha, bila mwalimu, kuutumia muda wake wote ubaoni?